Mama ana miaka 68 na anameza vidonge vitano vya vitamini na madini kila siku, vinamsaidia kweli?

Kitindamimba: Wadau habari zenu. Mama yangu ana miaka 68, haumwi kitu zaidi ya presha ambayo dawa imeituliza. Juzi nimeenda kumsalimia nakuta kwenye kisosi kapanga vidonge vitano: multivitamini, madini ya chuma, kalsiamu, zinki, na kingine cha njano ambacho hata yeye hajui ni cha nini, kapewa na shoga yake. Nikimwambia apunguze ananijibu "mwili umechoka mwanangu, lazima uongezewe". Je kuna faida au ni hela tu inaenda?

Mpitanjia: Hapo kwenye chuma ndo pa kuangalia. Mwanamke akishakoma hedhi hapotezi tena damu kila mwezi, mahitaji yanashuka kutoka miligramu 18 kwa siku hadi 8, na chuma kikizidi mwili hauna njia nzuri ya kukitoa. Kule Iowa, Marekani, waliwafuatilia wanawake wa umri huo zaidi ya 38,000 kuanzia 1986, ripoti ikatoka 2011, na waliokuwa wanatumia multivitamini na hasa chuma walikufa zaidi kidogo kuliko wasiotumia. Ila tusikimbilie kusema vidonge viliwaua, pengine wengine walianza kumeza kwa vile tayari walikuwa wanaumwa. Na kama kweli ana upungufu wa damu, kwa umri huo daktari atafute damu inapotelea wapi, sio kufunika na vidonge.

Mama Mapacha: Mimi nakataa kwamba havifai kabisa jamani. Mama mdogo ana kisukari, katumia metformin miaka mingi, akaanza kufa ganzi nyayo mpaka ndala zinamvuka njiani hana habari. Kila mtu anasema ni sukari tu hiyo, kuja kupimwa vitamini B12 iko chini sana. Metformin inapunguza B12, halafu uzeeni tumbo nalo linakuwa zito kuinyonya kutoka kwenye chakula. Kachomwa sindano sasa hivi yuko afadhali. Kwa hiyo pima kwanza ndo umeze.

Fundi Saa: Kalsiamu nayo isifuatwe kama mkumbo. Utafiti mwingine mkubwa hukohuko Marekani uliotoka 2006, wanawake 36,000 na ushee, nusu wakapewa kalsiamu na vitamini D kwa miaka kama saba. Mifupa ya nyonga iliimarika kidogo, ila kuvunjika nyonga hakukupungua kwa kiasi cha kujivunia, na mawe ya figo yakaongezeka. Mwenye osteoporosisi, yaani mifupa iliyodhoofika na kuvunjika kirahisi, ni habari nyingine, huyo anaelekezwa na daktari wake. Halafu anayetumia levothyroxine, dawa ya tezi ya shingoni, aache yapite masaa manne kabla ya kumeza kalsiamu au chuma, la sivyo dawa hainyonywi vizuri.

Kitindamimba: Asanteni sana. Nimempigia, kavaa miwani akanisomea kopo herufi kwa herufi, kumbe cha njano ni vitamini B zilezile zilizomo kwenye multivitamini! Hicho kakitoa, chuma kakubali kusimamisha mpaka apime damu wiki ijayo, na B12 nitaomba waangalie hapohapo. Zinki kagoma, anasema ndo inamzuia mafua.