Chujio langu linatoa maji maangavu, lakini mtoto bado anaharisha

MamaWawili
Wakuu, habari zenu. Nina chujio nililotengeneza mwenyewe kwa ndoo mbili za lita 20, moja juu ya nyingine. Ya juu nimeitoboa matundu chini, ndani nimeweka kokoto, mchanga, mkaa uliopondwa na kitambaa cha pamba. Ya chini ina koki. Maji ya kisima chetu yana rangi ya udongo, lakini yakipita humo yanatoka maangavu kabisa. Nilifurahi, nikaacha kuchemsha.

Sasa mwanangu wa mwisho, miaka mitatu, ameharisha mara mbili ndani ya wiki tano. Na uchafu sijauacha: kila Jumamosi natoa mchanga wote, naufua kwa sabuni, nauanika juani, ndipo naurudisha. Nakosea wapi?

FundiPipa
Pole sana dada. Kwanza, rudi kuchemsha leo hii, hadi maji yatokote. Chujio tutalirekebisha huku mtoto anakunywa maji salama.

Nimejenga machujio ya mchanga miaka tisa sasa, na la kwanza nililijenga kama lako, koki chini. Hilo ndilo kosa, na la pili ni sabuni ya Jumamosi. Mchanga hauzuii tope tu. Juu yake, kwenye sentimita chache za kwanza, huota utando wa vijidudu hai ambao hula vimelea vya magonjwa vinavyoingia na maji. Utando huo huchukua hadi siku 30 kukomaa. Wako haujawahi kufikisha hata wiki mbili: ndoo ikiisha maji unakauka, Jumamosi unauua kabisa.

Tafuta pipa refu la plastiki, karibu mita moja, upana sentimita 28 hivi. Bomba la kutolea maji lianzie chini kabisa, lipande kwa nje, mdomo wake uishie sentimita 5 juu ya usawa wa mchanga. Usiweke koki. Maji yakishuka hadi usawa wa mdomo yanakoma yenyewe, na mchanga unabaki umefunikwa usiku na mchana. Yakituama marefu zaidi ya hapo, hewa haiufikii utando; yakiwa machache, unaweza kukauka. Mpango huu ni wa David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, miaka ya mwanzo ya 1990, na mpaka leo naona hakuna kitu kizuri zaidi kwa nyumba isiyo na hela nyingi.

Chini weka changarawe ya milimita 6 hadi 12, juu yake ndogo ya milimita 0.7 hadi 6, kisha mchanga uliochekechwa chini ya milimita 0.7, kina sentimita 55 hivi. Ndoo ya lita 20 haina urefu huo. Mchanga wa mawe yaliyosagwa ni bora kuliko wa mtoni. Uoshe kwa maji matupu, ila usiuoshe mpaka vumbi lake jembamba liishe lote. Pipa likijaa, lita moja ichukue dakika mbili na nusu au zaidi. Ikitoka haraka, chembe za mchanga ni kubwa mno au umeoshwa kupita kiasi.

Mimina maji juu ya sahani yenye matundu ili yasichimbe utando. Kati ya mmimino na mmimino lipumzike angalau saa moja, lakini usipitishe saa 48. Maji yakianza kutoka kwa shida, koroga juu kidogo kwa mkono na uchote maji machafu. Mchanga uache ulipo.

Mwalimu_Elbe
Naongeza mfano ninaowapa wanafunzi wangu. Mwaka 1892 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 8,000 Hamburg, Ujerumani. Altona, mji uliopakana nao, ulichota maji mto ule ule wa Elbe, tena chini ya mahali maji taka ya Hamburg yalipomwagwa, lakini uliyapitisha kwenye mchanga polepole. Wengi wa wakazi wake walinusurika.

Nesi_K
Klorini itumike baada ya chujio. Ukiitia kabla inaua utando. Subirini dakika 30, hifadhini kwenye chombo chenye mfuniko na koki, mtu asichovye kikombe. Na mchanga hauondoi chumvi wala floridi. Kama meno ya watoto yana madoa ya kahawia, maji yapimwe.

MamaWawili
Asanteni sana. Leo nimechemsha. Mkaa je, fundi, niubakize? Na kuna pipa la bluu kwa jirani, anataka kunipa.

FundiPipa
Mkaa utoe. Hupunguza harufu, lakini wa jikoni hauui vimelea, na utachukua nafasi ya mchanga. Pipa, muulize kwanza lilibeba nini. Kama ni dawa ya mimea, mafuta au rangi, lirudishe hata kama limeoshwa mara kumi. Kama lilikuwa la chakula, nipimie urefu na upana wa ndani, nikuandikie mahali pa kutoboa.