Tunahamia kwenye boti la tanga, Kigoma mpaka Kasanga, tutoke mwezi gani?

MamaWawili_Ujiji: Wadau habari za saa hizi. Mzee kakomaa anataka tuachie nyumba ya watu tukaishi majini na watoto wetu wawili, mkubwa yuko la tatu. Boti lipo, la mbao, lina tanga na mashine, fundi pale Kibirizi anamalizia kalafati, kuziba nyufa za mbao maji yasiingie. Tushuke taratibu Karema, Kirando, Kipili mpaka Kasanga, tukipapenda tunakaa tusipopapenda tunasonga. Yeye anasema tutoke mwezi wa sita shule zikifungwa. Mimi roho inasita, mnaojua Ziwa Tanganyika semeni

Mgebuka_mkavu: Wa sita hapana dada. Kuanzia wa tano mpaka wa tisa kusi, ule upepo wa kusini, ndo lenyewe na nyie mnaelekea hukohuko linakotoka, tanga mtalikunja mbaki kuchoma petroli na watoto wanatapika. Subirini kusi lilegee, wa tisa mwishoni au wa kumi mwanzoni kabla radi hazijakolea. Na muwe mnaondoka alfajiri, upepo wa usiku unatoka nchi kavu unawasukuma vizuri tu, jua likipanda tafuteni pa kujibanza

nahodha_wa_mchongo: Shem mzee anataka kukwepa kodi ya nyumba huyo 😂😂

BabaKarema: Upepo sawa ila kasheshe ni kulala. Kule Mahale milima imezama moja kwa moja majini, unashusha nanga kamba inaisha yote haijagusa chini, ukisogea mpaka iguse tayari mawe yako hapo nyuma ya usukani. Tafuteni vighuba vya mchanga, muwe na kamba ndefu kwelikweli na nyingine ya kufunga kwenye mti. Na Mahale ni hifadhi, huteremki tu kupika ugali. Mdomo wa mto Malagarasi msiwaogeshe watoto, mamba na viboko

dada_wa_bandarini: Boti lishakaguliwa na TASAC, wale wakala wa serikali wa meli? Majaketi ya kuokolea ya watoto yawe saizi yao, la mtu mzima mtoto anachomoka kwa chini. Mkitaka kuvuka Mpulungu mgongewe mihuri kwanza, ile ni Zambia. Halafu huyo wa la tatu mwakani ana upimaji wa taifa wa la nne, usajili unafanyika shuleni sio kwenye boti

MamaWawili_Ujiji: Nimemsomea yote, mwezi wa sita kaufuta. La shule kanyamaza kwanza, ila kesho anaenda kuulizia bei ya kamba