Nyinyi mnaochora njia za panya Karura kwa baiskeli, mtatufungia msitu

Wadau, nimetoka Karura sasa hivi, matope bado yako kwa viatu na nimekasirika vibaya, mniwie radhi nikiandika mbiombio.

Kwanza mjue mimi mwenyewe ni mtu wa baiskeli. Kijana wangu alijifunzia mle msituni, na niambieni hapa Nairobi angejifunzia wapi kwingine, Barabara ya Kiambu huku matatu zikimpigia honi mgongoni? Kwa hivyo asije mtu hapa kusema nachukia baiskeli. Hasira yangu ni kwa waendeshaji wenzangu.

Leo asubuhi nimefika kule chini kwa mteremko wa kwenda mtoni. Njia halali, ile yenye nguzo za namba, inakata kulia. Kushoto nakuta mstari mpya umeshuka moja kwa moja katikati ya miti, na mwezi uliopita haukuwepo kabisa. Mtu alikuwa ameshauziba kwa matawi makavu. Kabla sijaendelea wakaja jamaa wanne na baiskeli za bei mbaya, wa mbele ana helmeti ya kijani, akashuka, akainua tawi kubwa akalitupa kando, wakateremka wote wakishika breki mpaka gurudumu la nyuma linaburuta. Nikawapigia kelele. Mmoja akanijibu bila hata kugeuka, "Boss, msitu ni wa wote."

Nikashuka kwa miguu nijionee. Majani yote yaliyokuwa yamefunika ardhi yamekwanguliwa, udongo mwekundu uko uchi, na katikati kuna mche wa muhugu umelazwa chini, gome limechunika upande mmoja. Muhugu jameni! Mnajua mti huo unavyokua polepole, na ulivyokatwa miaka yote hiyo kwa ajili ya vinyago? Ule mche ulikuwa unanifika magotini, umekaa pale miaka ukivumilia kivuli, umeisha kwa sekunde mbili.

Na mvua ndiyo hiyo imeanza. Gurudumu likipita kwa udongo umelowa linaacha mfereji mwembamba, maji yanaufuata kwa sababu ndiyo njia rahisi, mteremko unayapa kasi, yanachimba, yanabeba udongo mpaka mtoni, wiki ijayo mfereji umekuwa shimo, mwenye baiskeli anaona shimo anapita pembeni, wa nyuma yake anapita pembeni zaidi, na njia ya upana wa mtu mmoja sasa inapitisha gari. Najua kuna mtu atasema wanaotembea nao wanaharibu. Ni kweli, mguu nao unaumiza, lakini anayetembea haburuti breki kwenye mteremko, na sijawahi kumwona akiinua kizuizi ili apite.

Halafu hiyo "msitu ni wa wote" ndiyo imenichoma. Unajua ulibakije wa wote? Januari 1999 Wangari Maathai alienda pale na wenzake kupanda miti, kwa sababu watu walikuwa wameshagawiana ardhi wajenge, akapigwa na genge la vijana mpaka akavuja damu kichwani. Na hata baada ya hapo watu waliogopa kuingia mle miaka mingi kwa sababu ya majambazi, mpaka ulipowekwa ua na walinzi ndipo sisi tukaanza kuja na helmeti zetu. Ni hekta 1,000 na kidogo tu, mji umeuzunguka kila upande. Paa na pongo wa mle ukiwakatia njia kwenye vichaka wanavyojifichia mchana watahamia wapi, Muthaiga? Wale mbega walioletwa kutoka Kipipiri je?

Kuna watu wanaotaka baiskeli zipigwe marufuku kabisa mle, na mimi siku zote nimewapinga, nimewaambia kuna nafasi ya wote kila mtu akishika njia yake. Leo ningewaambia nini? Wakipiga picha ule mtaro, mimi sina jibu, na watakaofungiwa geti ni watoto wetu.

Nyinyi viongozi wa magrupu ya wikendi, futeni hizo njia kwa ramani za simu, kwa sababu mmoja akirekodi, kufika Jumamosi watu kumi wamezifuata. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi pitieni barabara pana za murram ama mlale. Na mkikuta tawi limelazwa njiani, liacheni hapo lilipo.

Na wewe wa helmeti ya kijani, najua magrupu yetu yote yanasoma hapa. Jumamosi saa moja asubuhi niko pale pale kwa ule mteremko na jembe na majani makavu ya kufunika. Njoo na wenzako watatu, mzibe mlichofungua.