Kigoma: deni usilolijua kwa NIDA yako, tupeane uzoefu

Mleta mada: Wakuu, kuanzia Ujiji mpaka Kasulu, salaam. Kuna watu wanagundua dirishani benki kwamba wana mkopo wasioujua. Wenye ujuzi wa kukagua mwageni hapa, hatua kwa hatua. "Tuwe makini" tumeishiba.

Afisa Mikopo: Kumbukumbu za mikopo hutunzwa na kampuni zenye leseni ya Benki Kuu, mfano Creditinfo Tanzania, chini ya kanuni za 2012. Omba ripoti yako ukiwa na kitambulisho, usingoje mpaka utake mkopo. Ukiipata, alama za ukopaji achana nazo kwanza. Soma jina, namba ya NIDA na simu, halafu mikopo iliyo wazi: nani kakopesha, lini, salio, siku za kuchelewa. Kisha shuka kwenye orodha ya taasisi zilizoulizia taarifa zako. Wengi huruka hapo, na ndipo penye utamu. Ukiona taasisi usiyowahi kuiomba chochote, huenda kuna mtu alijaribu kukopa kwa jina lako, hata kama alinyimwa.

Ila si kila deni geni ni wizi. Ulimdhamini shemeji? Linaweza kusomeka kwako. Mkopo uliomaliza nao huweza kubaki wazi kama mkopeshaji hajapeleka marekebisho. Mdai barua ya kumaliza deni.

Wakala Mwanga: Hayo ya benki sawa, lakini mlango ni laini. Bonyeza *106#, chagua kuona namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako, mtandao huu kisha mitandao yote. Ule mchezo wa "dole halijasoma, weka tena" ndio huzaa laini ya pili. Kagua hapohapo kabla msajili hajafunga mwavuli wake. Mwenye laini hiyo akikopa kwenye simu na kuitupa, deni linakufuata wewe.

Dada Kibirizi: Na kumsajilia jirani asiye na NIDA? Huku imezoeleka.

Wakala Mwanga: Ni yaleyale, dada. Hata awe mwema, siku akiiuza simu na laini ndani, wewe ndiye mwenye namba.

Bwana Kasulu: Ukikuta laini ngeni?

Afisa Mikopo: Nenda duka la mtandao husika na kitambulisho, uikane, ifungwe. Kama kuna mkopo, pita polisi uchukue RB (namba ya taarifa uliyoripoti), kisha mwandikie mkopeshaji: namba ya mkopo, tarehe, nakala ya RB. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Maneno ya mdomo hayafuti deni. Baadaye omba ripoti mpya uone kama limeondoka.

Wakala Mwanga: Nyongeza. Zile tarakimu 20 za NIDA zinaanza na tarehe yako ya kuzaliwa. Ukizirusha kwenye grupu la WhatsApp, na namba ya siri ya pesa ni mwaka wa kuzaliwa, umempa mwizi kila kitu. Meseji za "tuma kwenye namba hii" zipeleke 15040. Simu ikipotea, azima ya mtu wa mtandao huohuo upige 100 laini ifungwe.