Dizeli ni ngumu kuwaka asubuhi: nibadilishe hita plagi au nipime kwanza?

Swali

Habari zenu, ndugu mafundi. Gari langu ni la dizeli, lenye silinda 4 na umeme wa volti 12. Kwa majuma mawili sasa nalazimika kupiga stata mara nne au tano kila asubuhi ndipo injini iwake, na ikiwaka hutetema na kutoa moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli kwa dakika nzima. Ikishapata moto haisumbui tena siku hiyo. Taa ya hita kwenye dashibodi huwaka na kuzimika kama kawaida, na betri ni nzima. Nimeshauriwa kununua hita plagi zote 4 (vijiti vya umeme vinavyopasha moto ndani ya silinda kabla injini haijawaka), lakini ningependa kujua nipime nini kabla ya kutoa fedha.

Jibu la 1

Ndugu, umefanya vyema kuuliza mapema. Moshi huo mweupe ni dizeli iliyonyunyizwa bila kuungua, kwa kuwa chuma baridi cha injini hunyonya joto linalotokana na mgandamizo wa hewa, na kazi ya hita plagi ni kufidia joto hilo. Taa ya dashibodi usiitegemee: katika magari mengi huonyesha tu muda uliopangwa wa kusubiri, wala haithibitishi kwamba plagi zimepata moto.

Zima swichi, fungua ukanda wa chuma unaoziunganisha plagi, weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), kisha pima kati ya ncha ya kila plagi na bodi ya injini. Plagi nzima ya kawaida, ikiwa baridi, husoma takriban omu 0.5 hadi 2, na iliyokatika haisomi kitu. Gusanisha kwanza nyaya za mita zenyewe na ukiondoe kipimo chake, maana katika namba ndogo kama hizi hata waya wa mita unaweza kukudanganya.

Zikiwa nzima, rudisha ukanda, weka mita kwenye volti, na mwenzako afungue swichi bila kupiga stata, injini ikiwa baridi. Kwa sekunde kadhaa ukanda unapaswa kusoma volti zinazokaribia za betri. Wengi hukosea hapa kwa kupima waya ukiwa umechomolewa, wakaona volti 12 na kuridhika, ilhali plagi 4 kwa pamoja huvuta makumi ya ampea, na ni chini ya mzigo huo tu ndipo kiungo kibovu hujionyesha. Usipoona volti yoyote, angalia fyuzi kubwa, rilei (swichi ya umeme inayopeleka umeme kwenye plagi), na sensa ya joto la maji, ambayo ikiharibika huweza kuiarifu kompyuta kwamba injini tayari ina moto.

Jibu la 2

Naongeza tahadhari mbili. Usijaribu plagi kwa kuiunganisha moja kwa moja na betri kabla ya kusoma volti zilizoandikwa juu yake, kwa sababu zipo zinazotumia volti chache sana kuliko 12 nazo huungua papo hapo. Na ikibidi kuzifungua, fungua injini ikiwa na joto, baada ya kuziloweka kwa mafuta ya kulegeza kutu; plagi ikikatikia ndani, huenda ukalazimika kushusha silinda hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda.

Mwuliza swali

Nawashukuru sana. Plagi zote 4 zilisoma omu 0.9, lakini ukanda ulisoma volti 8.3 wakati betri ilikuwa na 11.9. Nilifuata waya hadi kwenye rilei: unapoingia palikuwa na volti 11.8, unapotoka 8.5, na rilei yenyewe ilikuwa ya moto mkononi. Niliifungua nikakuta vigusio vyake vimeungua vikawa vyeusi, kimoja kikiwa na shimo dogo katikati. Nimeweka rilei mpya, ukanda sasa unasoma 11.5, na leo asubuhi injini imewaka kwa stata ya kwanza bila moshi.