Anime zimenishinda, nimehamia sizoni za Kikorea. Nishaurini wakuu

Mtoto wa Ukonga: Kwema wakuu?

Mimi ni mtu wa anime, zile katuni za Kijapani, tangu sekondari. Naruto, Bleach, Death Note, zote nimemaliza, hadi picha ya simu ilikuwa Itachi wa kwenye Naruto. Siku hizi nikifungua anime mpya, wimbo wa kuanzia haujaisha nimeshahamia kwenye simu. Halafu mwana mmoja kanirushia Signal ya Wakorea, jamani! Polisi anaokota redio ya upepo mbovu, haina hata betri, ikifika saa 5:23 usiku inaita, na anayeongea upande wa pili ni polisi mwenzake wa miaka ya nyuma. Nimeikesha.

Maskani wananicheka eti naangalia vitu vya dada zangu. Na One Piece imejaa kwenye diski, hata nusu sijafika. Niilazimishe au nifute? Nikihama nianzie wapi? Mapenzi ya kulia kwenye mvua sitaki.

Kobe Mkavu: Futa. Uzee huo mkuu, karibu.

Fundi Redio: Uzee gani? Naruto Shippuden ina episodi 500, na nyingi ni za kujazia. Katuni inarushwa kila wiki, inaikuta manga, kile kitabu cha michoro inakotoka, bado inachorwa, basi wanabuni visa vya kupotezea muda ili mchoraji atangulie. Mkorea kwa kawaida anakupa 16, za saa moja moja, mbili kwa wiki, kisa kimekwisha. Wewe umechoka kuzungushwa tu. Signal kaandika Kim Eun-hee, na ndiye huyo huyo wa Kingdom: mazombi enzi za wafalme wa Joseon, Korea ya zamani, sizoni ya kwanza episodi 6. Anzia hapo.

Binti Mkwe: Kaka, mbona hujaenda mbali? Boys Over Flowers ya Korea ya 2009, ambayo dada zako wameililia, imetoka kwenye manga ya Yoko Kamio. Wataiwani waliwahi 2001 wakaiita Meteor Garden, Wajapani wakaigiza yao 2005, Wachina nao 2018. Kwako nakupa Alice in Borderland, ya Wajapani wa kuigiza, nayo imetoka kwenye manga, ya Haro Aso. Vijana watatu wanajificha chooni stesheni ya Shibuya, umeme unakatika, wakitoka mji mzima hauna mtu. Kuanzia hapo ni michezo ya kufa na kupona. Ila uwe unachagua, manga ikiigizwa vibaya yale mawigi ya rangi utazima TV mwenyewe.

Mzee wa Bando: Napinga. Umekula anime za ngumi tu ndiyo maana umevimbiwa. Aliyependa Signal atafute Monster, nayo ni anime. Daktari Mjapani yuko Ujerumani, anamwokoa mtoto aliyepigwa risasi ya kichwa, mtoto anakuja kuwa muuaji, daktari anaanza kumsaka. Hakuna mtu anayepiga kelele kutaja jina la ngumi yake.

Mtoto wa Ukonga: Mzee wa Bando umenishika pabaya 😂 Monster naiweka foleni, Kingdom naanza leo. One Piece nimempa mdogo wangu. Za Kichina vipi?

Fundi Redio: Nirvana in Fire. Fitina za ikulu na kisasi cha taratibu. Ila ni episodi 54, na majina ya wale mawaziri utayaandika kwenye karatasi. Maliza Kingdom kwanza.