Ziara ya wanafunzi 44 na mhadhara wa historia ya Ng'ambo, Nyaraka za Taifa Kilimani: tuombeje?

Mwalimu_Unguja

Assalaam alaikum wanajukwaa. Klabu ya historia ya skuli yetu (kidato cha tatu, wanafunzi 44, walimu 3) inataka kwenda Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani. Tunataka mambo mawili kwa siku moja: mhadhara mfupi wa historia ya Ng'ambo (upande wa mji wa Unguja ulio nje ya Mji Mkongwe), na wanafunzi wazione nyaraka zenyewe. Barua iandikweje na ipelekwe lini? Kundi kubwa namna hii ligawiwe vipi? Na tuombe karatasi zipi? Mada niliyoifikiria ni "Ng'ambo tangu zamani hadi leo".

KaratasiKuukuu

Waalaikum salaam Mwalimu. Naanza na mada, maana hapo ndipo ziara nyingi zinapoharibikia. Nyaraka hupangwa kwa ofisi iliyoziandika, si kwa mambo yanayozungumzwa ndani yake. Pale Kilimani kundi AA ni karatasi za ukonseli wa Kiingereza, AB ni majalada ya Sekretarieti ya serikali ya himaya, ZA ni miswada ya Kiarabu. Mtu akiandika "tunataka mambo ya Ng'ambo", mtunza nyaraka hana pa kushika: Ng'ambo imo kwenye afya, ardhi, polisi, maji na barabara, kila moja jalada lake. Matokeo yake wanafunzi huoneshwa vitu viwili vitatu vya kawaida vinavyooneshwa kila mgeni, wakarudi.

Chagua tukio moja lenye mwaka. Ningechukua mgomo wa kodi ya ardhi wa 1928. Wakaazi wa Ng'ambo walikuwa na nyumba zao juu ya viwanja vya wengine, wakakataa kulipa kodi ya kiwanja. Ukiliweka jambo hilo pamoja na mpango wa mji wa Unguja wa 1923, ulioandikwa na Lanchester, mpangaji miji wa Kiingereza, unapata ramani, unapata madai ya wakaazi, na unapata sauti ya serikali ikijieleza. Hayo yanatosha asubuhi nzima.

Barua itoke kwa mwalimu mkuu, iwe na muhuri, iende kwa mkuu wa taasisi. Ukurasa mmoja, yenye: idadi ya wanafunzi na walimu, kidato, tarehe mbili mbadala, saa ya kufika na kuondoka, mada kwa sentensi moja, mnachoomba (mhadhara, kuona nyaraka, au vyote), mwanafunzi yeyote asiyeweza kupanda ngazi au mwenye uoni hafifu, na namba ya simu ya mwalimu mmoja tu. Ipeleke kwa mkono wiki sita kabla, ubaki na nakala iliyogongwa "imepokelewa". Baada ya wiki moja piga simu. Barua isiyofuatiliwa hukaa kwenye trei ikisubiri, na barua yenye namba za walimu watatu kila mmoja hudhani mwenzake kashapigiwa. Hapo hapo ulizia ada na kima cha kutoa nakala. Usitegemee bei uliyoisikia kwa mtu.

Kabla ya ziara, mwalimu mmoja aende peke yake kupitia orodha, aandike namba kamili za majalada manne. Manne tu. Na ayafungue. Jalada lenye kichwa kizuri linaweza kuwa na barua tatu za kuulizia gharama ya rangi, na hilo ulijue kabla watoto hawajakaa mezani.

Msomaji_wa_AB

Naongezea kuhusu mgao. Watu 44 hawawezi kukaa pamoja chumba cha kusomea. Huko kuna watafiti wanafanya kazi, na jalada moja halisomwi na zaidi ya watu watatu kwa pamoja bila karatasi kuvutwa huku na huku. Gawa makundi manne ya watu 11:

Saa 2:30 kufika, mabegi kuwekwa, msalani, kanuni. Saa 2:50 mhadhara, nusu saa, kisha maswali dakika 10. Kuanzia saa 3:30 vituo vinne, kila kimoja dakika 25, na dakika 5 za kuhama. Kufikia saa 5:30 mmemaliza. Kituo cha kwanza nyaraka za asili, cha pili nakala kubwa ya ramani ya 1923, cha tatu nakala za kurasa za gazeti rasmi la serikali, cha nne kuandika: kila mwanafunzi anajibu nani kaandika karatasi hii, kwa nani, lini, na alitaka nini. Kituo kimoja tu ndicho kinachohitaji mtumishi wa nyaraka muda wote. Vitatu vinasimamiwa na walimu wenu. Ombi la namna hii ni jepesi kukubaliwa.

Siku: Jumatatu na Ijumaa ziacheni. Ijumaa mkichelewa nusu saa tu mnaingiliana na sala. Ramadhani saa za kazi hupungua. Masika pia si wakati mzuri, kundi likifika limerowa haliwezi kukaribishwa kwenye karatasi.

Kanuni za kushika karatasi wafundishwe skuli, si mlangoni. Penseli tu, kwa sababu wino ukidondoka hautoki. Mikono ioshwe na ikaushwe kabisa. Hakuna mafuta ya mikono, hakuna hina mbichi. Glavu za pamba hazitakiwi kwa karatasi, zinaua hisia ya vidole na ukurasa unachanika. Glavu ni za picha. Ukurasa unafunuliwa kwa kona ya juu, bila kulamba kidole. Jalada halinyanyuliwi kutoka mezani, na karatasi zake hazibadilishwi mpangilio, hata kama tarehe zinaonekana zimepinduka.

BintiMiembeni

Nakubaliana na mengi, ila mhadhara ningeutoa Kilimani kabisa. Ufanyeni skuli wiki moja kabla, jioni, mwaalike na wazee wa Miembeni, Kikwajuni, Vikokotoni. Mwanafunzi akifika kwenye nyaraka ameshasikia majina ya mitaa na anajua Darajani palikuwa na daraja kweli, juu ya mkono wa bahari ulioitenga Ng'ambo na Mji Mkongwe. Anasoma kwa kiu. Mhadhara na nyaraka asubuhi moja, kundi la nne linafika mezani limechoka.

Mzungumzaji mpeni mada na dakika 30 kwa maandishi, na nauli yake ijulikane mapema. Ramani ichapisheni kwenye karatasi kubwa hata kama mna projekta. Umeme ukikatika mhadhara unaendelea.

Jambo jingine ni zito zaidi. Katika majalada ya ardhi na ya mahakama mna majina ya watu, na mara nyingine asili zao, nani alikuwa mtumwa wa nani. Watoto hao wanakaa mitaa hiyo hiyo. Mwalimu anayechagua majalada asome kila ukurasa kwa jicho hilo, na kanuni iwe wazi: hakuna kupiga picha jina la mtu na kulirusha kwenye WhatsApp. Ukurasa mmoja ukitolewa nje ya jalada lake unaweza kuamsha ugomvi wa kiwanja uliokwisha lala.

Mwalimu_Unguja

Ahsanteni sana. Hoja ya BintiMiembeni ya kutenganisha siku nimeikubali. Je, simu ziachwe kabisa? Na lugha: majalada ya AB si ya Kiingereza?

KaratasiKuukuu

Simu za wanafunzi ziachwe kwenye mabegi. Mwalimu mmoja apige picha kwa niaba ya wote, kwa ruhusa, bila mwanga wa flashi, na picha za kila jalada zianze na ile ya gamba lake lenye namba; picha isiyo na namba haina kazi baadaye, hakuna atakayeipata tena karatasi ile.

Lugha ndiyo, Kiingereza kwa wingi, na maandishi ya mkono yana tabu. Chagua kurasa zilizopigwa taipu, usizidishe mbili kwa kila jalada, uwape wanafunzi maneno kumi magumu siku mbili kabla. Tafuta pia kama ndani yake mna ombi la wakaazi lililoandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu au za Kilatini. Likiwemo, liwe la kwanza mezani. Na kwa kuwa mhadhara umehamia skuli, badilisha barua: omba kuanzia saa 3:00 hadi saa 5:15, vituo vile vile vinne.